Hodi Uwanjani kwa Nyangeta

1

Mwalimu aliwapanga watoto wake mbele ya mlango wa Chumba cha Saba, wawili wawili, kisha akawauliza swali ambalo kila mwalimu anayevuka kuja Kisiwani huliuliza papo hapo, kana kwamba wameambiana.

"Ukifika kwenye nyumba ya watu, unafanyaje?"

"Tunabisha hodi," darasa zima likajibu.

"Na ukimkuta mtu mzima?"

"Tunamwamkia."

Akanigeukia akisubiri sifa. Nikampa, maana sifa hazina gharama na mwalimu wa darasa la pili siku ya ziara hazioni nyingi. Watoto walikuwa wametoka Nyumba ya Samaki, wamepanda gari moshi la maonyesho linalozunguka kisiwa, wamegombania bembea, na wengi wao walikuwa na askrimu hadi kwenye nyusi. Niliwafuta, nikawalaza kwenye viti, nikawavisha kofia mmoja mmoja huku nikiwaambia ninachowaambia wageni wote: kwamba watakachokiona kilitokea kweli, kwamba kilimtokea mtu mmoja, na kwamba watakitazama kwa macho ya mtu huyo. Mvua ikinyesha wasiogope. Haitawalowesha.

Kisha nikaketi mbele ya kioo changu cha ulinzi, ambacho hunionyesha wanachokiona wao, nikaufungua utando unaoihifadhi siku yenyewe.

Njia inapanda kutoka ziwani. Ziwa lenyewe liko nyuma, la buluu, halina ukuta wala harufu, ziwa ambalo watoto hawa wamelisikia tu kwa babu zao, kwa kuwa wao wamelikuta limeugua na limezungushiwa zege, na huvuka kuja kwetu kwa kigari cha waya juu ya maji ambayo hakuna anayeyagusa. Mkononi mwa mwenye macho kuna dumu la njano limejaa maji ya kunywa. Halafu uwanja wa mchanga wenye nyayo ndogo ndogo, nyumba ya bati, na mwanamke aliyeketi kwenye mkeka akianika michembe, vile vipande vya viazi vitamu vya kukausha juani.

Hodi, likasema darasa, midomo ikichezacheza chini ya kofia. Shikamoo, bibi.

Siku ile ilipotokea, miaka mingi kabla sijazaliwa, mwanamke yule hakuinua kichwa. Alisema tu, "Weka hapo kivulini," akaendelea na michembe yake. Ndivyo ilivyopokelewa na makumbusho, na ndivyo ilivyokuwa nilipoanza kazi hapa. Sasa aliinua kichwa. Aliangalia chini kidogo ya pale ambapo uso wa mumewe ungekuwa, penye kimo cha mtoto wa darasa la pili, na uso wake ukachangamka.

"Marahaba, wajukuu zangu. Karibuni. Msinikanyagie michembe."

Watoto wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshazoea, kama mtu anavyozoea chochote, na nilikuwa nafikiria chai yangu inayopoa, ndipo kipaza sauti cha getini kilipokohoa na sauti ya binti wa tiketi ikasambaa kisiwa kizima, juu ya bembea na bustani ya vipepeo.

"Tunamtangazia Bibi Nyangeta. Bibi Nyangeta, popote ulipo, mumeo anakusubiri getini."

Jina lile halijaandikwa mahali popote Chumba cha Saba. Wageni wanapaita Kwa Bibi, basi. Wanaolijua tulikuwa wachache, na nilipolisikia linaitwa hewani katikati ya makelele ya familia za Jumamosi, niliisahau chai yangu. Kwenye kioo, mwanamke wa mkekani alikuwa anamfukuza kuku aliyedokoa michembe, na watoto wanacheka tena.

2

Binti wa tiketi hakuwa na kosa. Kisiwa hiki huuza tiketi kwa familia, na swali lake la kwanza kwa kila mtu ni mmekuja wangapi. Mzee aliyefika dirishani kwake alimjibu kwamba yuko peke yake, amemfuata mke wake, yumo humu ndani. Binti akaona hapa mzee amepotezana na bibi yake kwenye umati, akafanya alichofundishwa. Nilimkuta bado anarudia tangazo kwa sauti ya upole, na mzee amesimama pembeni kofia mkononi, anaitazama spika juu ya nguzo.

Nilimwamkia. Akaitika, akaniuliza kama ni mimi ninayemtunza. Nikasema ni mimi, naitwa Limi.

"Mimi ni Bwire Masatu," akasema. "Nimekuja kumchukua."

Alikuwa mrefu, amekonda, na koti lake lilikuwa limepigwa pasi kwa makini na mtu asiyejua kupiga pasi. Aliniambia habari zake tukiwa tunatembea, bila kulalamika. Madaktari wamemwambia moyo umechoka. Hana hofu. Ila alipokuwa bado na nguvu, baada ya kumzika mkewe, walikuja vijana wa makumbusho wakiwaomba watu wa kando ya ziwa siku zao, siku za ziwa lilipokuwa zima, ili watoto wa baadaye wazione. Yeye aliwapa siku moja. Aliwapa ile nzuri kuliko zote, na aliwapa kwa sababu ilikuwa inamuuma: kila alipofumba macho mvua ile ilianza kunyesha na Nyangeta anacheka, na akifumbua yuko peke yake. Alitaka impishe. Ikampisha kweli. Sasa anataka kufa akiwa nayo.

Wasiofanya kazi hii hudhani siku hupigwa picha. Haipigwi picha, inatolewa. Wataalamu huikuta pale ilipojikunja kichwani, huihamishia kwenye utando hai unaokuzwa ndani ya chupa ya kioo, na kule ilikotoka hubaki pengo. Mtoaji anajua kwamba siku ilikuwepo, kama wewe unavyojua kwamba ulizaliwa, lakini haioni tena. Nakala haitoki. Wamejaribu, na nakala zote huoza. Na kila utando unapofunguliwa ili utazamwe hulainika kama udongo wa mfinyanzi, kisha hukauka upya, na kilichougusa ukiwa laini hubaki humo.

Hilo wataalamu walilijua tangu mwanzo. Walitaka watazamaji wanyamaze kimya. Lakini kabla mwaka wa kwanza haujaisha wazazi wakaja juu: watoto wanaingizwa uwanjani kwa watu kama mbuzi, hodi hakuna, salamu hakuna, ni adabu gani hiyo mnayowafundishia? Bodi ikakaa. Wajumbe wote walikuwa wazazi, na wote walikuwa wamelelewa. Wakaamua watoto wasalimie. Mtaalamu mmoja alisimama kupinga, wakamuuliza kama kwao hawabishi hodi, akaketi. Wazee walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kumbe na utando nao.

Haya yote sikumwambia mzee siku ile. Nilimnunulia chai, nikamkalisha kwenye benchi la bustani ya vipepeo, nikaenda kwa mkurugenzi.

3

Bi. Kemilembe ni Mhaya asiyepandisha sauti hata akiungua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema sheria haina kona: mwenye siku akiidai akiwa hai arudishiwe, kama alivyoitoa. Jumatatu tunafunga. Jumatatu utando uoshwe, mzee apewe siku yake, Jumanne Chumba cha Saba kiwekwe kitu kingine.

Neno lililonichoma ni hilo la kuosha. Kichwa cha mtoaji hakipokei sauti za watu wengine. Siku ikirudishwa na viongezeko huikataa, na yote hupotea. Kwa hiyo huoshwa kwanza, kwa dawa inayoyeyusha kila kilichoingia baadaye, na kwa lugha ya kazi yetu kilichoingia baadaye kinaitwa uchafu. Marahaba ni uchafu. Karibuni ni uchafu. Ule uso unaochangamka ni uchafu.

Nikamwambia bosi wangu kwamba sina hakika tunachokiosha ni nini.

"Ni utando uliojifunza kuitika," akasema. "Kasuku naye huitika, Limi, na hatumwiti mtu."

Nikamwambia kuhusu mtoto wa juzi. Alikuwa mtoto mwenye kikohozi, nilisita hata kumvisha kofia, lakini mama yake alinisihi. Aliingia, akabisha hodi, akakohoa. Na mwanamke wa mkekani, ambaye kwenye siku yake ya kweli hakuna aliyekohoa, aliacha michembe, akamwangalia, akamuuliza: "Kifua hicho, umekunywa chochote cha moto?" Hakuna mtoto aliyewahi kumfundisha swali hilo. Watoto hawaulizi hivyo. Wanaoulizwa hivyo ni wao.

Bi. Kemilembe alianza kuupanga upya mrundo wa karatasi uliokuwa umeshapangika. Aliposema tena, alisema taratibu sana.

"Basi sikiliza. Yule ni mzee anayekufa, anamtaka mke wake kama alivyomwacha. Ana haki. Ukimwambia haya utakuwa umemtwika mzigo ambao mimi na wewe na bodi nzima hatujui hata kuutaja. Atamwosha mke wake au atamwacha kwa wageni? Umpe mzee wa watu swali hilo, umsaidie nini? Changanya huruma na akili. Osha, mrudishie, afe na furaha yake."

Ubaya ni kwamba maneno yake yalikuwa na haki. Nilitoka ofisini nikiwa nimekubali. Nilipita kwenye bembea, nikapita kwenye foleni ya gari moshi, nikawa najiambia kwamba mimi ni mtunzaji, si hakimu, na kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilipofika bustani ya vipepeo nilimkuta mzee Bwire ameinama, anamfunga kamba ya kiatu mtoto wa watu asiyemjua. Mtoto akasema asante babu, akakimbia. Mzee akabaki ameinama vilevile, akiangalia alikokimbilia.

Nilijua hapo kwamba sitaweza. Mke ni wake, siku ni yake, na kama kuna swali basi swali nalo ni lake. Kwa kumficha ningekuwa namfanyia yeye kile nilichokuwa naogopa kumfanyia Nyangeta: kumfutia lililo lake bila kumuuliza.

4

Nilimwambia yote. Alianza kwa kukasirika, na ilikuwa halali yake.

Alisema waliahidi. Walisema siku itakaa kama alivyoiacha, kama nafaka kwenye ghala, na kumbe wamemfanya mke wake mwenyeji wa hoteli, kila apitaye anamsemesha. Aliuliza nani alitoa ruhusa. Nilisema hakuna aliyedhani inahitajika ruhusa kumwamkia mtu. Akatikisa kichwa, na vipepeo wakawa wanakatiza mbele yetu pamoja na wazazi wanaosukuma vigari vya watoto. Kisha akauliza kwa sauti nyingine kabisa.

"Watoto wa nani?"

"Wa watu wote, baba. Wa Igogo, wa Kirumba, wa Buzuruga. Wengine wanatoka mbali."

"Na wanamwamkia Nyangeta."

"Kila mmoja."

"Wazazi wao wanaona?"

"Wazazi ndio wanaowaambia."

Mzee aliishika fimbo yake kwa mikono miwili. Alichonisimulia baada ya hapo alikisimulia akiangalia chini, na mimi nakisema kwa kifupi kwa sababu ndivyo alivyokisema.

Hawakujaliwa mtoto. Kazi ya Nyangeta ilikuwa kubanika samaki, na moshi wa miaka mingi ulimwacha na macho mekundu. Kijijini kwao, enzi zile, mwanamke asiye na mtoto na mwenye macho mekundu aliwatosha watu kusema ni mchawi. Hakuna aliyemgusa. Hakuna aliyemtukana. Waliwakataza watoto tu. Watoto wakawa wakifika kwenye uwanja ule wanapita mbio, nyuso wamezielekeza ziwani, mdomo umefungwa. Na mtoto akimpita mtu mzima bila kumwamkia, pale kwetu, ameshamwambia jambo, na aliyemtuma ameshalisema pia. Majirani wengine waliitwa mama fulani na mama fulani. Yeye aliitwa Nyangeta mpaka siku ya kuzikwa. Alifagia uwanja kila asubuhi, na kila jioni ulikuwa vilevile alivyoufagia.

"Siku ile ya mvua niliyowapa," akasema, "mnajua kwa nini ilikuwa nzuri? Naambiwa tu, mimi siioni tena. Lakini nakumbuka nilichomwambia kijana wa makumbusho. Nilimwambia ni siku pekee ambayo hakuangalia njiani kama kuna mtoto anayekuja."

Nililia, tena mbele za watu, na mtoto mmoja akamuuliza baba yake kama mimi ni sehemu ya maonyesho.

Mzee aliomba aingie amwone. Nilimweleza kwamba kwa kofia ataingia kama mgeni yeyote, na akitoka siku itabaki kwenye chupa, haitarudi kichwani. Akasema anaelewa. Nilimweka kwenye kiti cha mwisho, nyuma ya familia mbili na shule ya awali kutoka Pasiansi. Mwalimu wao akauliza swali lake, watoto wakajibu jibu lao, na mzee Bwire, aliyeijenga nyumba ile kwa mikono yake, akawasikiliza kama mtu anayesikiliza hukumu.

Kwenye kioo nilimtazama Nyangeta akiinua kichwa. Alikuwa na zamu nzuri siku ile. Aliitika, akakaribisha, akaonya kuhusu michembe. Mtoto mmoja alisahau kusalimia, na Nyangeta akamwambia, "Na wewe wa nyuma, mbona kimya, umeumeza ulimi?" Kuku akadokoa. Mvua ikaja kutoka ziwani, wakaikusanya michembe wote pamoja, mikono ya mtu mmoja na sauti za wengi, na mwisho wakasimama chini ya upenu, bega lake limelowa, anacheka. Siku huishia hapo.

Watoto walivuliwa kofia wakatoka kwa fujo kuelekea kwenye sambusa. Mzee hakutoka. Niliivua kofia yake, nikamkuta amekauka macho, ametulia.

"Uwanja umekanyagwa," akasema.

Sikuelewa. Akanionyesha kioo, nikairudisha picha ya mwanzo: mchanga, na zile nyayo ndogo ndogo ambazo nimeziona kila siku nikidhani ndivyo uwanja ulivyokuwa. Hazikuwemo alipoitoa. Hazikuwahi kuwemo. Waliziacha wao, kidogo kidogo, hodi baada ya hodi.

Nilimwambia dawa ya kuosha ipo tayari, na kwamba neno lake ndilo la mwisho, Jumatatu au siku yoyote atakayotaka. Aliitikia kwa kichwa. Kisha akauliza kama watoto wanakuja kila siku.

"Kila siku, baba. Isipokuwa Jumatatu. Jumatatu tunafunga kwa usafi."

Mzee Bwire alifikiria hilo.

"Na Jumatatu," akasema, "anakaa na nani?"

5

Nimefanya kazi hapa miaka tisa. Nimejibu maswali ya watoto kuhusu samaki, kuhusu dumu la njano, kuhusu kama kuku yule naye alikufa. Swali lile sikuwa nimejiuliza hata mara moja. Wataalamu wanasema utando uliofungwa haujui saa, na huenda ni kweli. Lakini hata wao hawakutabiri kwamba utando ungeuliza habari ya kifua cha mtoto.

Nilimpelekea Bi. Kemilembe habari, nikijua nimemkaidi. Hakunigombeza. Alisimama dirishani, chini watu wakipanda kigari cha waya na maputo yao, akasema kosa langu ni moja, nimemfanya na yeye ajue. Mtu akishajua hawezi tena kufunga mlango na kwenda zake nyumbani kama kawaida. Nilidhani ni lawama. Jumatatu asubuhi nilimkuta yeye mwenyewe kituoni, amekiwasha kigari siku ambayo hakitembei, kwa ajili ya abiria mmoja.

Mzee alivuka amevaa lile koti. Kisiwa bila watu ni kitu cha huzuni, bembea zimefungwa minyororo, gari moshi limefunikwa turubai. Alitembea katikati ya vitu vile bila kuvitazama. Chumba cha Saba nilikuwa nimeiweka chupa ya dawa mezani, kwa sababu sheria ni sheria na sikutaka aseme nimemchagulia.

Aliitazama dawa. Akaniuliza ikishaoshwa atakumbuka nini hasa, na nikamwambia kweli: atamkumbuka mke wake kama alivyokuwa, asiyeinua kichwa, akisema weka hapo kivulini. Atamkumbuka vizuri sana, mpaka mwisho.

"Na ule uwanja?"

"Utakuwa umefagiwa."

Mzee aliisukuma chupa taratibu mpaka ukingoni mwa meza, upande wangu. Alisema alikuja kumchukua mkewe nyumbani, na amekuta ana wageni. Mwanamume hamtoi mkewe mbele za wageni wake. Alisema hivyo kwa utani kidogo, lakini nilimwonea uchungu mkubwa, kwa sababu nilijua anachokiacha. Atakufa na lile pengo. Wakati wowote atakapofumba macho hapatakuwa na mvua.

Akaomba kofia.

Nilimlaza, nikamvisha, nikaenda kuketi mahali pangu. Kabla sijaufungua utando alinyosha kidole kuelekea kwenye kioo changu.

"Hicho zima, mwanangu. Pale ni nyumbani kwangu."

Nikakizima. Nikaufungua utando, nikabaki namtazama yeye tu, mzee mrefu kwenye kiti kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto, miguu imening'inia nje. Nilifikiri ataingia kimya, kama mwenye nyumba anavyoingia. Midomo yake ilichelewa, kisha ikacheza, na nikamsikia kwa masikio yangu.

"Hodi," akasema.

Sikujua aliitikiwa nini. Niliona uso wake unasikiliza. Aliongea mara moja, kwa sauti ya chini sana, halafu akawa anasikiliza tena muda mrefu, na mwisho bega lake moja likajikunyata kidogo kama limeguswa na kitu cha baridi, nikajua wamefika chini ya upenu. Bi. Kemilembe alikuwa ameingia bila viatu, amesimama mlangoni.

Nilipomvua kofia, mzee aliniomba maji. Alikunywa yote, akafuta mdomo, akakaa akiuangalia mlango ambao kesho yake ungejaa watoto.

"Ameniuliza leo watoto wako wapi," akasema.

Bi. Kemilembe akamuuliza alimjibuje.

"Nimemwambia wanakuja kesho."